Waliosema "nipo" ni 22, waliopanda gari ni 15

*"Mimi ni mhazini wa kundi la watu 22 tuliosoma sekondari pamoja, wengi tunaishi Dar es Salaam. Mwaka jana tulipanga kwenda Mikumi siku tatu, kila mtu 150,000. Wote walisema wapo. Siku ya safari tulipanda gari watu 15, saba hawakulipa, na mimi nilikuwa nimeshakodi Coaster. Pengo la 420,000 nililiziba kwa hela ya ada ya mtoto, mpaka leo nimerudishiwa 90,000 tu. Sasa kundi linataka twende tena Pasaka na bei isizidi ileile. Wengine wanataka Zanzibar. Mwenzetu mmoja anakuja likizo kutoka Uingereza, ana pasi ya kule, anataka hoteli yenye bwawa. Na wapo wanaosema pembeni kwamba mwaka jana nilipiga cha juu. Nifanyeje bei ishuke? Na ni bora tupange wenyewe au tutafute kampuni? Nimechoka, ila sitaki kundi livunjike."*

Dada yangu, pole kwanza. Mtu aliyeziba pengo la wenzake kwa ada ya mwanawe, halafu akasikia kwamba amepiga cha juu, ana haki ya kuchoka.

Umeniuliza namna ya kushusha bei. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara naona bei haikuwa na kosa kubwa. Laki moja na nusu kwa siku tatu Mikumi, ukitokea Dar, inawatosha watu wasio na makuu: chumba cha watu wawili, wali wa moto, kiingilio cha hifadhi na gari. Kilichokuangusha ni kwamba uliigawa safari kwa watu 22 wakati wenye nia na mfuko walikuwa 15. Hapo ndipo nitakapokaa kwa muda mrefu.

Chukua daftari tuiandike upya hesabu ya mwaka jana. Hukunipa mchanganuo, lakini pengo lako linajieleza: 420,000 ukiigawa kwa watu saba unapata 60,000. Hiyo bila shaka ilikuwa sehemu ya kila mtu kwenye Coaster, yaani gari lilikuwa 1,320,000. Iliyobaki, 90,000, ilikuwa ya kitanda, chakula na kiingilio. Wale saba walipokosekana, vitanda vyao hukuvilipia, sahani zao hazikupakuliwa, langoni hawakuhesabiwa. Gari ndilo lililobaki palepale. Dereva hakupunguza hata mia kwa sababu viti saba viko wazi, na mafuta yaliungua yaleyale.

Kila safari ya kundi ina hela za aina mbili. Mimi kwenye daftari langu naandika "hela ya gari" na "hela ya kichwa". Hela ya kichwa inatembea na mwenyewe: akija inalipwa, asipokuja haipo. Hela ya gari haijali, mje kumi mje ishirini. Ukitangaza bei moja ya jumla umezipika zote sufuria moja, na hakuna anayeona kwamba akijitoa anawaachia wenzake mzigo. Yeye anaona hajala wala hajalala, sasa alipe nini? Wale saba wako si wezi, dada. Hakuna aliyewaambia kwamba kiti kilikuwa kimeshanunuliwa kwa jina lao.

Tazama mwenyewe. Watu 22, gari ni 60,000 kila mmoja. Watu 15, ni 88,000. Wakibaki 11, ni 120,000, na safari nzima imefika 210,000 bila mtu yeyote kuongeza hata soda.

Ndiyo maana ule msemo wa "tukiwa wengi bei inashuka" una ukweli nusu. Inashuka mpaka gari lijae. Akipatikana mmoja asiye na kiti, mnatafuta gari la pili kwa ajili yake na bei ya wote inaruka. Na wengi wanaoshusha bei ni wengi waliolipa. Nimeona wahazini wakiona pengo wanaandika kwenye kundi "alikeni na rafiki zenu", halafu wanakuja na orodha ya majina 35 na hela za watu tisa.

Kinachonishangaza ni kwamba jambo hili tunalijua vizuri sana, ila tunalisahau tukifika kwenye safari. Kaa kwenye kamati ya harusi yoyote. Mhazini anaposoma taarifa anasoma safu mbili: ahadi, na taslimu. Hakuna mwenyekiti anayelipia ukumbi kwa ahadi. Wanajua ahadi za milioni kumi na mbili zinaweza kuzaa milioni saba, na vinywaji wanavipanga kwa milioni saba. Lakini kundi la WhatsApp likiulizwa "nani yupo?", zikishuka "nipo" ishirini na mbili na stika za tembo anayecheza, mhazini anakwenda kukodi gari. "Nipo" ni ahadi, tena nyepesi kuliko ya harusi, maana haina kadi wala kiasi.

Kwa hiyo badilisha utaratibu huu kwanza, kabla hujagusa bei. Kaeni mkubaliane idadi ndogo kabisa mnayoweza kuondoka nayo. Kwa kundi lako mimi ningesema 14, kwa kuwa mwaka jana mlifika 15 bila utaratibu wowote. Gari lihesabiwe kwa watu 14 hao, na bei itangazwe hivyo tangu siku ya kwanza. Wakizidi, ziada ni yenu: inarudishwa au inakuwa mbuzi wa usiku wa pili. Wakipungua chini ya 14 ikifika tarehe ya mwisho, safari hakuna na kila mtu anarudishiwa chake. Gari usilikodi kabla ya tarehe hiyo. Watalalamika kwamba bei imepanda. Waambie mwaka jana ilikuwa hivyohivyo, tofauti ni kwamba aliyelipa nyongeza alikuwa mtu mmoja.

Halafu zitenganishe zile hela mbili hadharani. Kianzio kiwe sawasawa na hela ya kiti, yaani sehemu ya kila mtu kwenye hela ya gari. Elfu kumi ya kianzio haimfungi mtu. Anaisamehe kama anavyosamehe chenji ya daladala. Hela ya kiti ikishapita tarehe ya mwisho hairudi, ila mwenye kiti anaruhusiwa kumleta mtu mwingine akikalie. Hela ya kichwa inarudishwa mpaka wiki moja kabla, kasoro kile ambacho gesti wameshakichukua. Mtu akifiwa au akilazwa, kundi litakaa liamue, lakini utaratibu uwepo kabla ya msiba, usitungwe siku ya msiba.

Sasa kuna njia ya kuipunguza hela ya gari yenyewe. Treni ya SGR inabeba abiria kati ya Dar na Morogoro tangu Juni 2024. Nauli ya kawaida ilipangwa 13,000, na watoto wa miaka 4 hadi 12 nusu yake. Kwenda na kurudi ni 26,000, na safari haifiki saa mbili. Ninyi mwaka jana nadhani saa mbili hizo ziliishia Kibaha. Lakini faida ninayoipenda zaidi ni ya daftari: nauli ya treni ni hela ya kichwa. Asiyelipa hana tiketi, imekwisha. Gari mnalikodi Morogoro tu, kwenda Mikumi na kurudi, na kwa kuwa njia ni fupi bei yake ni ndogo. Tuseme mmepatana 600,000. Mkiwa 22, treni na gari ni kama 53,000 kwa mtu. Mkiwa 15, 66,000. Mkibaki 11, kama 80,500, wakati kwa Coaster ya kutoka Dar mngekuwa mmefika 120,000. Hata wenzako wakikuangusha, hauanguki mbali.

Treni ina masharti yake. Siku za sikukuu viti vinakwisha mapema, kwa hiyo ukate tiketi mara hela zinapokamilika. Kila tiketi ina jina la mtu, hivyo yule wa "nitamtuma mdogo wangu badala yangu" aseme mapema. Stesheni ya Morogoro iko Kihonda, nje ya katikati ya mji. Gari liwe linawasubiri pale pale, la sivyo mtatawanyika kwenye bodaboda na bajaji, kila mtu na nauli yake. Sufuria la pilau na jiko la mkaa havipandi treni. Na treni haimsubiri aliyesahau chaja.

Tarehe nayo inakula hela. Pasaka inaangukia kwenye masika. Mikumi wakati huo kuna kijani kizuri sana, nakubali, lakini majani yanakuwa marefu, wanyama wanatawanyika kwa kuwa maji yako kila mahali, na njia za ndani kwenye tambarare ya Mkata zinanasa magari. Mkilipia gari la kuzungukia hifadhi, mkaishia kulisukuma, hela ni ileile. Kuanzia Juni mpaka Oktoba ni kiangazi, wanyama wanasogea kwenye mabwawa na unawaona bila kuhangaika. Mimi ningeenda wikiendi ya mwisho ya Septemba, mshahara ukiwa umeshaingia. Epuka wiki ya kwanza ya Agosti: maonyesho ya Nane Nane ya Kanda ya Mashariki yanafanyika Morogoro, na vyumba vinakuwa vya kugombania. Epuka pia kuanza kukusanya hela Januari. Januari kila mzazi ana uso mmoja.

Nakuja kwenye jambo ambalo watu hawapendi kulisema. Ile 150,000 ilipatikanaje? Mara nyingi anaitaja mwenye kipato, wengine wananyamaza, na kimya kinachukuliwa kuwa ni ndiyo. Lakini aliyekwama hawezi kuandika "sina" mbele ya watu aliosoma nao, tena wengine aliwashinda darasani. Ataandika "nipo". Baadaye ataandika "Ijumaa natuma". Baadaye simu inaita tu. Unadhani anakudharau, kumbe anakuonea haya.

Dawa ya hilo ni kuuliza chemba. Kila mmoja akutumie wewe peke yako kiasi cha juu anachoweza bila kukopa, na uahidi hutakitaja. Halafu usifanye kosa la kuchukua wastani. Tuseme watano wanaweza 300,000 na 17 wanaweza 100,000. Wastani ni kama 145,000, namba inayopendeza kabisa kwenye karatasi, na watu 17 hawaiwezi. Nisingeshangaa kama mwaka jana ndiyo ilikuwa hadithi yenu. Panga majina kuanzia mwenye kiasi kikubwa kushuka chini, hesabu mpaka wa 14, kiasi chake ndiyo bei yako. Kwenye mfano huu ni 100,000. Kama ni hiyo, safari ya siku tatu Mikumi haipo, ila ipo ya usiku mmoja: treni mpaka Morogoro, kulala mjini, asubuhi kupanda Uluguru kwenda Morningside au maporomoko ya Choma kwa miguu na mwongozaji wa pale. Au siku moja tu Bagamoyo, kilomita 70 hivi kutoka Dar, magofu ya Kaole asubuhi na samaki mchana. Au boti ya Mbudya kutoka Kunduchi, mnarudi jioni mmeungua na jua na hakuna mwenye deni. Sioni aibu yoyote hapo.

Kama bei imekubalika lakini inauma kuitoa kwa mkupuo, igawe kwa mishahara minne kuanzia Juni. 35,000 kila mwezi inatoka bila kelele kwa mtu ambaye 140,000 ya mara moja ingemfanya azime simu.

Yule wa Uingereza mwenye bwawa lake, mruhusu. Gari moja, vitanda tofauti. Anayetaka hoteli anajilipia hoteli, mnakutana kwenye gari asubuhi. Vita nyingi za kundi zinatokana na kuwalazimisha watu wote walale sehemu moja. Ila mwambie mapema kuhusu kiingilio. Raia wa Afrika Mashariki analipa Mikumi 5,000 kabla ya VAT. Mwenye pasi ya kigeni asiye mkazi ni dola 30 kabla ya VAT, hata kama alizaliwa Kilosa. Nimewahi kuona ubishi wa dakika arobaini langoni juu ya hilo, mwenye pasi anaongea Kiluguru, askari anacheka, hela ni ileile. Na nyinyi wengine kila mtu abebe kitambulisho, maana bei ya raia inaonyeshwa kwa kitambulisho. Malipo ni kwa namba ya malipo, taslimu hawapokei, hivyo mhazini uwe na salio kwenye simu. Kiingilio ni cha saa 24; kama mnalala nje ya hifadhi, uliza kabla kama mtaruhusiwa kurudi kwa malipo yaleyale. Ulize pia gari lenu litalipiwa kiasi gani kuingia, kwa kuwa gari hulipiwa kwa uzito wake na watu wengi hukumbuka vichwa tu.

Zanzibar si wazo baya kama unavyoliogopa. Nauli ya boti ni hela ya kichwa, kwa hiyo kwa upande wa mapengo ina usalama kuliko Coaster yako. Shida yake inaanzia ukishateremka: ufukweni vyumba vingi vina bei za dola, na kila mtu anatoka kivyake jioni na kurudi kukopa. Mkikaa Mji Mkongwe kwenye gesti na kwenda ufukweni kwa daladala, inawezekana. Mwenye pasi ya kigeni ajue tangu Oktoba 2024 kuna bima ya lazima ya dola 44.

Sasa nikuonyeshe hela inapovujia, kwa sababu hata hesabu nzuri huvuja. Mnaondoka Dar saa kumi na mbili, mnasimama Chalinze "dakika kumi na tano chai". Kumi wanaagiza chipsi mayai, na chipsi za watu kumi kwenye jiko moja ni nusu saa. Watatu wameenda chooni, mia tano mia tano. Mmoja anapatana bei ya nanasi. Mhazini amekaa kiti cha mbele na daftari mapajani, anaitwa dirishani: "Mhazini, hii chai si ya kundi?" Anatoa elfu tatu. "Mhazini, na maji?" Anatoa elfu sita. Dereva naye anataka kula, na hakuna aliyekumbuka kwamba chakula cha dereva na chumba chake cha siku zote ni juu yenu. Mnatoka Chalinze saa moja na dakika kumi baadaye, daftari lina mistari sita ambayo haikuwepo kwenye bajeti, na mistari miwili umesahau kuiandika. Hiyo miwili, dada yangu, ndiyo inayokuja kuitwa cha juu.

Waambie mapema: cha njiani ni cha mfukoni mwako. Cha kundi ni milo iliyotajwa, idadi yake, imeagizwa siku moja kabla kwa mama lishe au gesti, kwa bei iliyopatanwa. Kuagiza kabla kunashusha bei kuliko kubishana mezani na watu wenye njaa. Maji nunueni katoni kabla ya kuondoka.

Juu ya utunzaji wa hela nina mambo machache ya kukulinda wewe. Mtu akituma bila "ya kutolea", anayelipa makato ni wewe. Kwa watu 22 mara nne ni hela ya chumba. Basi iandike kwenye bei, au mtumie pochi ya kikundi kama M-Koba ambako michango inaonekana na hela haikai kwenye namba ya mtu mmoja. Usichanganye kamwe na hela yako ya nyumbani, hata kwa siku mbili. Kila Jumapili tuma kwenye kundi orodha ya waliolipa na jumla. Ya wasiolipa usiitume, inaudhi na haijawahi kumlipisha mtu. Kila risiti ipige picha siku hiyohiyo. Na awepo mtu wa pili anayeidhinisha matumizi, ikiwezekana mmoja wa wale wanaonong'ona. Akikaa kiti hicho wiki tatu atanyamaza mwenyewe.

Jihadhari pia na ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Matapeli wanayajua makundi ya safari. Namba ya kupokelea iwe moja, mliyokubaliana ana kwa ana, na haibadilishwi kwa meseji. Ukipata ujumbe wa namna hiyo, utume kwenda 15040.

Kampuni au wenyewe? Kampuni si lazima iwe ghali. Wakishajumlisha dereva, gari la kuzungukia, mwongozaji na milo, mara nyingine tofauti ni elfu kumi au ishirini kwa mtu, na kwa hiyo unanunua usingizi. Kwa kundi lako, ambalo tayari lina maneno, kuna faida nyingine: bei inatoka kwa mtu wa nje, hakuna wa kushukiwa. Lakini kampuni nzuri itadai malipo kabla na itakuwa na masharti ya kujitoa, kwa hiyo ule utaratibu wa watu 14 unauhitaji vilevile. Kama mtu mmoja wenu ana muda na kifua cha kupatana bei, pangeni wenyewe kwa treni. Kama kila mtu atakusukumia wewe tena, chukua kampuni. Wewe mwaka huu usiwe kila kitu.

Chochote mtakachochagua, kuna mambo hayafanyiki kwenye simu. Nenda ofisi ya kampuni ukaone leseni yao ya biashara ya utalii, ile inayoitwa TALA, na upewe risiti ya jina la kampuni. Wakikupa namba ya mtu binafsi ulipie, ondoka. Gari nenda kaliangalie kwa macho: matairi, mikanda, bima, na kibali cha safari ya kukodi kutoka LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu. Hilo la kibali nalisema kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita nilikodi Coaster kwa simu, bei ya kutupwa, kumbe ni daladala ya ruti ya mjini haina kibali cha kutoka. Tulisimamishwa kabla ya Mlandizi. Tulikaa chini ya mwembe saa tatu, kina mama na watoto, nikitafuta gari lingine kwa bei ya mtu aliyekwama. Gesti nayo mpate mtu wa kuiona, na aulize kama wanaruhusu watu wawili wa jinsia moja chumba kimoja. Baadhi wana kanuni hiyo imebandikwa ukutani, na bajeti yenu yote ya vyumba inategemea jibu hilo. Mwenzenu mwenye presha, sukari au mimba amwone daktari wake kabla, aende na dawa za kutosha kwenye mkoba wa mkononi.

Na lile deni la mwaka jana. Limebaki 330,000. Usilifiche ndani ya bei ya mwaka huu, ukifanya hivyo wanaokusema watakuwa na haki. Lipeleke mezani, ana kwa ana, na daftari na risiti zako, kabla hamjazungumza safari mpya. Ombeni mmoja anayeheshimika na pande zote aongoze kikao. Wale saba wakubali au wakatae, hilo ni la kikao. Wakikataa wote, basi mwaka huu mhazini awe mtu mwingine, na wewe uende kama abiria.

Kikao kikiisha salama, ujumbe wa kwanza kwenye kundi unaweza kuwa hivi:

*"Ndugu zangu, safari ni wikiendi ya mwisho ya Septemba. Kila mtu anitumie chemba kiasi cha juu anachoweza, mpaka Jumapili. Nitatangaza bei Jumatatu. Safari ipo tukifika watu 14 waliolipa kiti ifikapo tarehe 31 Agosti. Tusipofika, kila mtu anarudishiwa. Hela ya kiti baada ya tarehe hiyo hairudi, ila kiti unaweza kumpa mtu. Kundi halitakodi gari kwa 'nipo'."*

Ukishautuma, weka simu chini ukapike. "Nipo" za kwanza zitaingia kabla maji hayajachemka. Usiziandike popote.